UZI: Vitabu vya zamani vilivyoshikwa na ukungu. Soma kabla hujachukua kitambaa

#1 Mshona Jalada (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Haupiti muda mrefu humu bila mtu kuleta picha ya kasha la vitabu vya marehemu babu au vya mwalimu wake, kurasa zimejaa madoa ya kijani na meusi, na swali ni lile lile: nipanguse na nini? Majibu nayo hayabadiliki. Jua. Siki. Spiriti. Jiki. Kazi yangu ni kushona na kukarabati vitabu, na mengi ninayoletewa ni majeraha ya usafi: wino uliotambaa, kurasa zilizochanika kwa kufunuliwa zikiwa mbichi, majalada yaliyojikunja kwa joto. Ukungu ulikuwa umekula kidogo tu, kitambaa ndicho kikamalizia.

Nitaandika kirefu. Mwenye haraka aruke, ila sehemu ya unyevu asiiruke.

Unachopambana nacho

Vijimbegu vya kuvu (wengine huviita spora) vipo kila mahali. Vimo kwenye hewa unayovuta sasa hivi na juu ya kitabu kilichotoka kiwandani leo asubuhi. Huwezi kuvimaliza. Vinalala tu, vikingoja maji. Unyevu wa hewa ukipanda ukapita asilimia 65 hivi na kukaa hapo, vinaanza kuamka. Kwenye kitabu kilicholowa kabisa, saa 48 zinatosha kuona manyoya ya kwanza. Chakula hakitafutwi, kwa sababu kitabu kizima ni chakula: selulosi ya karatasi, wanga wa gundi ya zamani, jelatini iliyopakwa kwenye karatasi za kale ili wino usisambae, ngozi ya jalada, hata vumbi na mafuta ya vidole vya wasomaji.

Kuvu haina mdomo. Inamwaga vimeng'enya juu ya karatasi, karatasi inayeyuka, kisha inanyonya. Ndiyo sababu ukurasa ulioliwa sana ukiushika unakuwa laini kama pamba na unakatika bila kelele. Nguvu hiyo hairudi kwa kupangusa. Na lile doa la zambarau, jeusi au kijani mara nyingi ni rangi ambayo kuvu imeiacha ndani ya nyuzi za karatasi. Utaondoa unga wa juu, doa litabaki. Anayekuahidi kulitoa bila kuumiza karatasi, mwombe aanzie kwenye kitabu chake.

Kwa hiyo lengo ni kuuzuia usiendelee, kutoa vijimbegu vilivyo juu, na kubadilisha mahali kitabu kinapoishi. Weupe wa ukurasa usahau.

Uko hai au umelala?

Hili watu hawaliulizi kabisa, wakati kazi yote inategemea jibu lake. Chukua brashi ndogo laini, gusa ncha ya doa. Likipakaa, likiteleza, au ukiona manyoya yenye unyevu, ukungu uko hai. Likitoka kama unga mkavu na kupeperuka, umelala.

Ulio hai hausafishwi. Ukisugua unausukuma ndani ya karatasi na kuupeleka ukurasa wa jirani. Kausha kwanza, kwa siku au wiki kadhaa, hadi uwe unga.

Jilinde

Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii kitu. Vijimbegu vingi vina ukubwa wa maikroni 2 hadi 10 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Vaa barakoa ya N95 au FFP2 iliyokaa vizuri usoni, glavu za nitraili, na miwani inayofunika pembeni. Nguo ulizofanyia kazi zifuliwe peke yake. Mwenye pumu au kinga dhaifu ya mwili kazi hii si yake, hata akiwa ndiye mwenye vitabu. Baadhi ya kuvu za kwenye vitabu, hasa jamii ya Aspergillus, zinaweza kumwingia mgonjwa kwenye mapafu na kukaa huko. Na si kweli kwamba ukungu uliokufa hauna madhara; mzio hauangalii kama kijimbegu kiko hai.

Kukausha

Tenga vitabu vilivyoathirika na vizima. Mfuko wa plastiki ni wa kusafirishia tu, chumba hadi chumba. Ukivifungia humo usiku kucha umevijengea bwawa.

Visimamishe kwenye meza, jalada limefunguka kidogo, kurasa zimeachana zenyewe bila kulazimishwa. Feni iwepo, ielekee ukutani au darini ili hewa izunguke. Ikipuliza kitabu moja kwa moja inakausha upande mmoja, inakunja karatasi, na inatawanya vijimbegu chumba kizima. Mashine ya kupunguza unyevu ukiwa nayo, funga madirisha uiwashe. Huna, basi fungua madirisha, ila tu kama hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani. Watu husahau hilo wakafungua madirisha siku ya mvua.

Kusafisha

Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, au karibu na dirisha lenye feni inayotoa hewa nje.

Kifyonza vumbi cha kawaida ni hatari kuliko kutofanya kitu. Kinavuta vijimbegu mbele na kuvitema nyuma, vikiwa vingi hewani kuliko mwanzo. Kinachofaa ni chenye kichujio cha HEPA, kinachokamata asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Punguza nguvu ya kuvuta, funga chandarua laini kwenye mdomo wake kipande cha karatasi kisimezwe, na usiuguse ukurasa kwa mdomo huo. Brashi laini ndiyo inayogusa, ikisukuma unga kuelekea kwenye kifyonza.

Anza kitabu kikiwa kimefungwa. Kingo za juu kwanza, kwa sababu vumbi hukaa hapo na ndipo ukungu hupenda kuanzia. Kishikilie kwa nguvu ili unga usishuke kati ya kurasa. Halafu jalada na mgongo, halafu ndani ya jalada, halafu ukurasa kwa ukurasa. Brashi itoke kwenye mshono kwenda nje. Ukielekeza kwenye mshono unarundika vijimbegu kwenye gundi, mahali ambapo hutavifikia tena.

Baada ya brashi kuna sponji kavu ya mpira, ile inayotumika kusafishia masizi baada ya moto. Haitiwi maji. Unaigusisha na kuinyanyua, husugui. Upande ukichafuka kata kwa wembe, endelea na upande safi. Kwenye karatasi iliyokwisha kulainika acha kabisa, brashi peke yake inatosha, na wakati mwingine hata brashi ni nyingi.

Mwenye swali aulize. Nitakuwa najibu nikipata nafasi.

#2 Kurasa Mia

Madini haya mkuu. Nimepiga kambi hapa.

#3 Bwana Sanduku

Mleta uzi, heshima yako. Ila hapo kwenye jua hujasema kitu na mimi nimekua naona vitabu vinaanikwa juani vikipona. Harufu inaisha, ukungu unakauka. Kwa nini tuhangaike na vichujio vya maikroni?

#4 Mshona Jalada

Bwana Sanduku, hukuona vibaya. Mwanga mkali wa jua unaua ukungu wa juu na unakausha. Tatizo ni vinavyokwenda pamoja na hilo.

Tangu katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zimetengenezwa kwa massa ya mti (mbao zilizosagwa kuwa rojo), na ndani yake kuna lignini, kile kinachoushikamanisha mti. Lignini ikipigwa na jua inageuka njano na karatasi inaanza kukatika. Rangi ya kitambaa cha jalada inapauka. Ubao wa jalada unapinda kwa sababu uso umekauka wakati ndani bado pabichi. Na hapo kwenye ubichi wa ndani ndipo penye mtego: jua linakupa ukurasa mkavu wa juu, mgongo wa kitabu bado umeshika maji, wewe unafunga na kurudisha rafuni ukiamini kazi imeisha.

Kivuli chenye upepo kinafanya kazi ile ile polepole zaidi bila gharama hizo. Kama ni kitabu cha kiada unachokihitaji mwaka huu tu, kianike juani, sitakuja kukushika mkono. Kama ni nakala pekee iliyobaki ya kitu fulani, jua ni la kukaushia nguo.

#5 Dada wa Maktaba

Nami niongeze hapo kwa mleta uzi. Nimekuwa kwenye maktaba muda mrefu na kitu cha kwanza tunachofanya hata kabla ya brashi ni kupiga picha. Jalada, ukurasa wa jina, kurasa zenye maandishi ya mkono, mihuri, sahihi za wenye vitabu. Vitu hivyo ndivyo vinavyopotea wakati wa usafi, na havimo kwenye nakala nyingine yoyote duniani.

Pia naona hukutaja kutupa. Vitabu vingine vitupwe jamani. Kama kitabu kinapatikana kwingine kikiwa kizima na hakina alama ya mtu ndani yake, kukikarabati ni kupoteza siku na kuhatarisha mapafu. Kifunge kwenye mifuko miwili kabla ya kukitoa nje.

#6 Mshona Jalada

Dada wa Maktaba, upo sahihi kuhusu picha, nilipaswa kuanza na hilo. Kutupa pia nakubali, japo wateja wangu hawapendi kulisikia neno hilo.

#7 Spirit99

Mimi nimekuwa nikitumia spiriti, tena ile safi ya asilimia 99, pamba kidogo, napangusa ukurasa mzima. Ukungu unakufa pale pale. Sioni kwa nini tuzunguke.

#8 Mshona Jalada

Mkuu, mambo manne.

La kwanza, asilimia 99 ni dhaifu kuliko asilimia 70 kwa kazi hii. Spiriti inahitaji maji ndani yake ili ipenye ukuta wa seli na kuharibu protini. Ile kali inakauka kabla haijafanya chochote cha maana. La pili, hata ya asilimia 70 haiui vijimbegu vyote. Inaua sana kuvu iliyokwisha amka, lakini kijimbegu kilicholala kina ganda gumu.

La tatu ndilo linalonisumbua. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye spiriti. Mihuri ya maktaba inatambaa. Rangi za vitambaa vya majalada, vanishi juu ya ngozi na baadhi ya gundi, vyote vinatoka na pamba. Ukisema "ukurasa mzima" nadhani vitabu vyako ni vya maandishi ya kuchapwa tu, wino wa kiwandani ulio mgumu, ndiyo sababu hujaona balaa.

La nne, mvuke wa spiriti unashika moto. Usiwashe kifyonza karibu nayo.

Mahali ninapoikubali: jalada la kitambaa lenye ukungu uliolala, ambalo umekwisha lipiga brashi, na umejaribu kwa kijiti cha pamba kwenye kona isiyoonekana ukaona rangi haitoki. Pamba iwe na unyevu tu, isidondoke. Kurasa za ndani uziache.

#9 Spirit99

Sawa, hapo kwenye 99 na 70 nimeelewa. Ila vyangu bado vizima kaka.

#10 Mama Daftari

Na jiki iliyochanganywa na maji mengi sana? Au siki? Au kuingiza kwenye maikrowevu sekunde kidogo? Nauliza tu, msinirushie mawe.

#11 Mshona Jalada

Hakuna mawe dada, bora umeuliza.

Jiki: klorini inavunja selulosi yenyewe, na inabaki kwenye nyuzi ikiendelea kuvunja baada ya wewe kuondoka. Ukurasa utakuwa mweupe mwaka huu, baadaye utakatika kwenye mkunjo. Halafu umeongeza maji kwenye kitu kilichoharibiwa na maji.

Siki ni asidi, na asidi ndiyo ugonjwa wa karatasi za massa ya mti hata bila ukungu. Hapana.

Maikrowevu: pini za chuma, dhahabu ya kwenye jalada na gundi vinapata moto bila mpangilio. Kuna watu wameunguza kitabu katikati kingo zikiwa salama. Hapana kubwa.

Magadi ya kuokea nitayataja kwenye harufu. Yasinyunyiziwe kurasani, hayatoki kwenye mshono.

#12 Kijana wa Ghorofani

Wakuu naomba msaada wa haraka. Bomba limepasuka usiku, rafu mbili za chini zimelowa chapachapa. Ukungu bado. Kuna vitabu vya picha vyenye karatasi zinazong'aa, vingine ni vya kawaida. Nianzie wapi?

#13 Mshona Jalada

Kijana, sikiliza, muda ndio kila kitu hapa.

Hivyo vyenye karatasi zinazong'aa kwanza. Zimepakwa udongo mweupe na gundi. Zikianza kukauka zikiwa zimegusana zinashikana kuwa tofali na hazitaachana tena. Usingoje kesho. Usijaribu kuzifunua moja moja kama ni nyingi. Zungushia kila kitabu karatasi ya nta au ya kuokea ili visigandane, panga kwenye kreti mgongo ukiwa chini, ingiza kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Ndiyo, friza la nyumbani. Baridi haiui ukungu, inausimamisha, na inakupa wiki au miezi ya kufikiri.

Vya kawaida: vilivyolowa chapachapa navyo friza kama nafasi ipo. Vyenye unyevu wa kingoni tu visimamishe hewani. Vilivyolowa kiasi, weka karatasi nyeupe za kunyonya maji kila baada ya kurasa kadhaa na uzibadilishe kila saa chache. Karatasi hizo kwa pamoja zisizidi sehemu ya tano ya unene wa kitabu, zikizidi zinapasua mgongo. Magazeti usitumie, wino wake unahamia. Kitabu kilicholowa usikifungue kwa nguvu, usikikamue, usikinyanyue kwa jalada.

Ukija kuvitoa kwenye friza, toa vichache unavyoweza kuvihudumia siku hiyo. Watu hutoa vyote kwa furaha, halafu wanaanza upya na ukungu.

Hili la friza lina historia. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Florence, Italia, ukaingia kwenye Maktaba ya Taifa ya mji huo. Vitabu na nyaraka zaidi ya milioni moja vilipata maji, matope na mafuta ya kupashia nyumba joto. Vijana kutoka nchi nyingi walikuja kujipanga mistari na kupokezana vitabu kutoka kwenye ghala la chini, Waitaliano wakawaita malaika wa matope. Vitabu vikapelekwa kukaushwa kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku. Wengi waliokuwa mafundi wa majalada wa kawaida walitoka pale wakiwa wataalamu wa uhifadhi, akiwemo Mwingereza Peter Waters, ambaye baadaye aliongoza kazi hiyo kwenye Library of Congress ya Marekani na mwaka 1975 akaandika mwongozo wa kuokoa vitabu vilivyolowa, ambao kugandisha ndani yake ni nguzo. Maktaba ya Anna Amalia kule Weimar, Ujerumani, ilipoungua Septemba 2004, vitabu 50,000 hivi viliteketea na 62,000 hivi viliharibiwa na moto na maji ya zimamoto. Vilivyolowa havikuanikwa popote. Vilipelekwa Leipzig, vikagandishwa, kisha vikakaushwa kwa mashine inayogeuza barafu kuwa mvuke bila kupita kwenye maji.

Sasa acha kusoma, nenda kwenye friza.

#14 Kijana wa Ghorofani

Nimeelewa, natoa nyama friza sasa hivi.

#15 Kurasa Mia

Wakati kijana anahangaika, mimi nauliza kuhusu harufu. Vitabu vyangu ni vikavu, nimepiga brashi, lakini chumba kinanuka handaki.

#16 Mshona Jalada

Harufu ni gesi zinazotolewa na kuvu, na karatasi huzinywa na kuzitoa polepole. Kwa hiyo jiulize kwanza: ni harufu ya zamani inayotoka, au ni mpya inayotengenezwa? Pima unyevu wa chumba. Ukiwa juu, hakuna unga wala mkaa utakaokusaidia, harufu inazaliwa kila siku.

Ukiwa chini, chukua boksi lenye kifuniko. Chini weka chombo chenye mkaa amilifu au magadi ya kuokea, juu yake wavu, juu ya wavu visimamishe vitabu vikiwa vimefunguka. Poda isiguse kitabu. Funika wiki kadhaa, badilisha mkaa. Harufu itapungua sana. Kuisha kabisa mara nyingi haiishi, na manukato juu yake ni kujidanganya tu. Mafuta ya manukato yanaacha doa.

#17 Dada wa Maktaba

Na tusisahau kupuliza dawa, kwa sababu kuna anayekuja kuuliza. Kizazi cha kabla yetu walikuwa na makabati ya thaimoli: unaweka fuwele chini, taa inazipasha moto, mvuke unapanda kwenye vitabu. Maktaba nyingine zilitumia gesi ya ethilini oksaidi kwenye matangi maalumu. Thaimoli ilidhuru afya za waliofanya kazi nayo na inalainisha baadhi ya rangi na vanishi. Ethilini oksaidi husababisha saratani, na vitabu huendelea kuitoa taratibu baada ya kufukizwa. Na hakuna kati ya hizo inayokilinda kitabu baadaye. Ukikirudisha kwenye chumba kile kile, vijimbegu vya hewani vinakaa juu yake upya na maji yanaviamsha.

#18 Mshona Jalada

Hapo umenigusa, maana ndiko nilikokuwa naelekea.

Chumba

Nunua kipima unyevu. Kwenye zana zote nilizotaja, ukimudu moja tu, mudu hiki. Vile vya bei ya chini hudanganya, lakini unaweza kukijua kinadanganya kiasi gani: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe uji mzito, iweke pamoja na kipima ndani ya mfuko au kopo lisilopitisha hewa, subiri usiku mmoja na zaidi. Hewa humo itasimama kwenye asilimia 75. Kipima chako kikisema 69, basi kinapunguza sita, kumbuka hivyo kila unapokisoma.

Lenga asilimia 35 hadi 55. Ikikushinda, basi angalau usiache ipite 60 ikakaa. Na mabadiliko ya ghafla ni mabaya kuliko watu wanavyodhani. Kiyoyozi kikizimwa jioni hewa yenye joto na unyevu inarudi ikakutana na kuta na vitabu vilivyopoa, mvuke unageuka maji juu yake bila wewe kuyaona. Kuna ofisi zimeotesha ukungu kwa kiyoyozi, si kwa mvua.

Rafu ziachane na ukuta, hasa ukuta wa nje, angalau sentimita tano, na rafu ya chini iinuke kutoka sakafuni. Vitabu visibanwe, kidole kiingie kati yake. Kabati la vioo linapendeza, ila likifungwa kwenye chumba chenye unyevu lina hali ya hewa yake yenyewe, na ni mbaya. Vile vipakiti vya silika vinafaa kwenye boksi dogo lililofungwa vizuri. Kwenye kabati zima vinashiba haraka na kubaki mapambo.

Ukiona vijidudu vidogo mno, vyeupe-vyeupe, vinakimbia ukurasani unapofungua, hao ni chawa wa vitabu. Hawali kitabu sana, wanakula ukungu mdogo ambao jicho lako halijauona. Kwangu hao wanaaminika kuliko kipima.

#19 Mama Daftari

Mimi nina swali tofauti. Kuna vidoa vya kahawia vimetawanyika kwenye kurasa, havina unga, havina harufu. Kitabu ni kikavu miaka yote. Ni ukungu huo?

#20 Mshona Jalada

Hivyo ni vya kawaida sana kwenye karatasi za karne ya 18 na 19. Chanzo chake wataalamu wamekibishania muda mrefu: wengine wanaona ni chembe za chuma zilizobaki kwenye karatasi zikapata kutu, wengine wanaona ni kuvu, na pengine ni vyote viwili vikisaidiwa na unyevu. Kwako wewe jibu ni rahisi. Kama hakuna unga na hakuna harufu, viache. Havienei kwenye vitabu vingine, na kuvitoa kunahitaji kuosha ukurasa na kemikali. Hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye maabara, tena kwa kitabu kinachostahili.

#21 Bwana Sanduku

Haya, nimekubali kivuli. Sasa nina daftari la mkono la baba, wino wa zamani wa kuchovya, kurasa mbili zimechanika. Nibandike selotepu kwa muda?

#22 Mshona Jalada

Selotepu haina "kwa muda", Bwana Sanduku. Gundi yake inaingia kwenye karatasi, inageuka kahawia, plastiki inadondoka na doa linabaki.

Kwa daftari la mkono, piga picha kila ukurasa kwanza, leo kama unaweza. Wino wa kuchovya mara nyingi unayeyuka kwa maji, na ule mweusi wa zamani wenye chuma unakula karatasi taratibu hasa penye unyevu, kwa hiyo hakuna pamba, hakuna sponji juu ya maandishi. Brashi laini pembezoni tu. Vipande vilivyochanika viweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, andika kwa penseli vilitoka ukurasa gani.

Kuunganisha hufanywa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, ile ya nyuzi ndefu za mti wa kozo, na gundi ya wanga wa ngano. Kumbuka wanga ni chakula cha kuvu. Kama chumba chako hakijatulia tumia methili selulosi, hainogi sana kwa kuvu. Lakini usijifunzie kwenye daftari la baba. Chukua kitabu kisicho na thamani, kichane mwenyewe, fanya mazoezi hapo.

#23 Kijana wa Ghorofani

Wakuu, vya picha vyote vimeingia friza. Vya kawaida nimevisimamisha, nabadilisha karatasi. Vikikauka narudisha rafuni lini?

#24 Mshona Jalada

Safi sana. Kitabu kinakuwa kimekauka pale mgongo ukiushika husikii ubaridi ukilinganisha na kitabu ambacho hakikulowa. Uso wa ukurasa hautoshi kukuambia.

Halafu viweke kando kama wiki tatu, kwenye chumba kingine, kipima kikiwa pembeni. Kila baada ya siku chache fungua karibu na mshono, washa tochi ukiilaza ubavuni mwa ukurasa. Mwanga wa pembeni unaonyesha manyoya ambayo mwanga wa juu unayaficha. Yakitokea, chumba hicho nacho kina unyevu, kihamishe kitabu kwanza ndipo uchukue brashi. Yasipotokea, rudisha. Ile rafu ya chini usiitumie hadi ukuta wa nyuma yake ukauke, na ukuta huchelewa kuliko vitabu.